Mafaili ya lost+found yamepoteza majina tu

Diski inapoanza kufa, Linux haikai kimya. Kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha mfumo, huonekana mistari ya "I/O error" inayotaja diski na namba ya sekta (kipande kidogo cha diski), na mfumo wa mafaili wa ext4 (namna Linux inavyopanga mafaili diskini) uliowekewa errors=remount-ro hujifunga usiandikwe tena. Wengi wakifika hapo hukimbilia fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili (kwa ext4 huitwa e2fsck), ambayo mafaili iliyoyakuta bila jina huyaweka kwenye folda ya lost+found. Tafadhali usifanye hivyo kwanza.

Programu ya fsck haikuundwa kuokoa kazi yako. Inachojali ni hesabu za mfumo wa mafaili: kila bloku (fungu la data diskini) iwe na mwenyewe mmoja, kila inodi (rekodi ya faili) ihesabiwe sawasawa, kila folda iwe na njia ya kufika kwenye mzizi. Ikikuta kisichoeleweka hukirekebisha au hukifuta, mradi hesabu zikae sawa. Kuiachia iandike juu ya diski inayougua ni kucheza na data ambayo pengine haina nakala nyingine popote. Kwa hiyo toa picha ya diski kwanza, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, uiweke kwenye diski nyingine nzima:

ddrescue -d -n /dev/sdb1 diski.img diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb1 diski.img diski.map

Hapa /dev/sdb1 ni sehemu ya diski mbovu; weka jina la yako. Amri ya kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi bila kuisumbua sana diski. Ya pili hurudi kwenye sehemu mbovu na kuzijaribu tena. Faili la diski.map hutunza rekodi ya kilichosomwa na kilichobaki, hivyo umeme ukikatika katikati, unaendelea ulipoishia. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Picha ikikamilika, chomoa diski mbovu, nakili diski.img iwe kazi.img, kisha matengenezo yote yafanyike kwenye kazi.img: anza na e2fsck -fn uone itakachofanya, halafu e2fsck -fy. Hiyo diski.img usiiguse, tutaihitaji.

Sasa unganisha kazi.img kwa mount -o ro,loop uingie lost+found ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo). Utakuta majina kama #131085, #131086, #131090. Hapa ndipo watu hukata tamaa, na hapa ndipo mimi hupata matumaini.

Namba hiyo ni ya inodi, yaani rekodi ndogo inayobeba mwenye faili, ruhusa, ukubwa, tarehe na mahali bloku zake zilipo. Jina halimo. Jina hukaa kwenye folda, na folda ni orodha ya majina na namba za inodi, basi. Bloku moja ya orodha hiyo, yenye baiti 4096, hubeba zaidi ya mafaili 140 ikiwa kila jina lina herufi 20. Bloku hiyo ikiangukia sekta mbovu, mafaili yote hayo huwa yatima kwa mpigo, ingawa yaliyomo yako salama mahali pengine kwenye diski. Ndipo e2fsck huyakusanya lost+found na kuyaita kwa namba zao.

Anza na folda, si mafaili. Folda yatima imepoteza jina lake yenyewe tu. Vilivyomo bado vina majina yao kamili, na mara nyingi ukifungua #131085 ukaona vilivyomo, unaitambua papo hapo. Kama huitambui, rudi kwenye diski.img ambayo haijaguswa, uichungulie kwa debugfs, chombo cha kusoma mfumo wa mafaili kwa ndani:

debugfs -c -R 'ls -l <131085>' diski.img

Tazama mstari wenye jina la nukta mbili (..). Hapo pana namba ya folda mzazi wa zamani, ambayo e2fsck kwenye kazi.img imeshaibadilisha ielekee lost+found. Folda mbili zenye namba moja ya mzazi zilikaa pamoja. Kwa njia hii mti mzima unaweza kujengwa upya, na ndiyo sababu nasisitiza picha ya kwanza ibaki kama ilivyotoka.

Mafaili pweke yanataka subira zaidi. Amri ya file ./* husoma mwanzo wa kila faili na kukuambia aina yake. Usisahau ile ./ mbele, kwa kuwa ukiandika jina linaloanza na # peke yake, sheli (programu inayopokea amri zako) hulichukulia kama maelezo na kulipuuza. Kwa picha za kamera, exiftool hutoa tarehe ya kupigwa. Kwa maandishi, tafuta maneno yanayotumika ofisini kwenu: barua rasmi za Kiswahili karibu zote zina "YAH:" na "Kumb. Na.", na grep -l huzipata upesi. Hati za docx zimebanwa kwa zip, hivyo pitia unzip -p hadi word/document.xml, PDF zipitishe pdftotext. Angalia pia mfuatano wa namba. Ext4 hujitahidi kuweka mafaili ya folda moja karibu karibu, kwa hiyo inodi jirani zenye tarehe jirani huenda zilitoka sehemu moja. Ukiyahamisha tumia cp -a, ili mwenye faili na tarehe visipotee.

Lost+found ikiwa tupu, au inodi zenyewe zimeharibika, inabaki PhotoRec ya Christophe Grenier, inayotafuta mafaili kwa alama za mwanzo wake bila kujali mfumo wa mafaili. Hiyo hairudishi majina wala folda, na faili lililotawanyika diskini hutoka nusu. Ndiyo maana kwangu inakuja mwisho.

Kabla hujamkabidhi mtu mafaili yake, tafuta yenye mashimo. Sehemu ambazo ddrescue ilishindwa kusoma zimebaki sifuri tupu, na faili linaweza kufunguka vizuri huku ukurasa wa katikati haupo. Nakili kazi.img iwe alama.img, kisha jaza sehemu hizo kwa neno linalotafutika:

printf "SEHEMUMBOVU" > alama
ddrescue --fill-mode=- alama alama.img diski.map

Iunganishe kwa kusoma tu, endesha grep -rl SEHEMUMBOVU, na mafaili yatakayotajwa uyaandikie orodha yake mwenyewe, mwenye data aipate pamoja na yale yaliyopona.