Tumbo kukataa chakula sio lazima iwe aleji

Siku hizi kwenye kitengo chetu cha lishe watu wengi wanakuja na orodha ndefu ya vyakula walivyoambiwa waache, wameipata kwenye vile vipimo vya damu vya IgG (aina ya kingamwili) vinavyouzwa mtandaoni, na mtu ameshaacha maziwa, ngano, mayai na nyanya, amekonda, afu tumbo bado linasumbua. Jamani, IgG kwenye damu mara nyingi inaonyesha tu kwamba hicho chakula umekuwa ukikila. Vyama vya wataalamu wa aleji vya Ulaya na Marekani walishasema kitambo kipimo hicho kisitumike kutafuta chakula kinachokusumbua.

Aleji ni kinga ya mwili kushambulia chakula, hata kidogo sana, na mara nyingi inaonekana ndani ya dakika hadi saa 2: mabaka, midomo kuvimba, pumzi kubana. Hiyo ni dharura, usisubiri. Hili lingine, tumbo kukataa chakula, ni shida ya mmeng'enyo, linakuja taratibu, saa kadhaa baadaye, tumbo linajaa gesi, linanguruma, unaharisha, wengine na kichwa kinauma, na linategemea umekula kiasi gani.

Mfano maziwa. Sukari yake, laktosi, inavunjwa na kimeng'enya kinaitwa laktesi, na kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho kinapungua baada ya utoto, sio ugonjwa huo. Laktosi isiyovunjwa inavuta maji kwenye utumbo, ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha, ndo gesi na kuharisha kwenyewe. Lakini wengi wanavumilia gramu 12 hivi kwa mara moja, yaani kikombe cha mililita 250, hasa wakinywa pamoja na chakula, na mtindi hauwasumbui sana kama maziwa. Kwa hiyo kuacha kila kitu cha maziwa ni kujinyima kalsiamu bure! Hali hii inaweza pia kuja baada ya kuharisha kukali, afu ikaisha yenyewe. Fruktosi (sukari ya matunda), kafeini ya kahawa na chai, na histamini (iko kwenye vyakula vilivyochachushwa) nazo zinasumbua baadhi ya watu.

Kujua kama laktosi ndiyo inakusumbua kuna kipimo cha pumzi, kina masharti na tunayasimamia: usile usiku mzima kabla, usivute sigara asubuhi hiyo, na kama umetumia antibiotiki ndani ya wiki 4 utuambie maana tutaahirisha, hata kama umesafiri kutoka mbali kuja kwetu. Unakunywa laktosi, unapuliza kila baada ya dakika 15 hadi 30 kwa saa 2 au 3, tunaangalia haidrojeni, gesi inayotoka bakteria wakichachusha laktosi. Ukija umeshakula unarudi nyumbani, hatubembelezani hapo, majibu yatakuwa ya uongo.

Na ngano usiiache kabla hujapimwa ugonjwa wa siliaki (kinga ya mwili inashambulia utumbo ukila ngano), maana ukishaiacha kipimo kinaweza kusema huna wakati unao, afu tunalazimika kukwambia uile tena kwa wiki kadhaa ndo tupime. Andika unachokula na unachosikia, njoo na daftari. Ukiona damu kwenye choo, au uzito unashuka bila sababu, nenda kwa daktari kwanza, hilo daftari litasubiri.