Beringi za Kumimina Kwenye Msumeno wa Mkanda wa Zamani

Kila fundi anayeingia karakanani kwangu hapa Mikindani na kuukuta ule msumeno wa mkanda wa zamani, ule wa ukanda wa meno unaozungushwa na magurudumu, huniuliza kwa nini sikuufunga beringi za gololi. Ni kwa sababu ukitaka kuzifunga lazima utoboe upya fremu ya chuma cha kusubu, na chuma hicho ukishakipunguza hakirudi.

Beringi zake ni za babiti, mchanganyiko laini wa bati (si mabati ya kuezekea), antimoni na shaba kidogo, alioubuni Isaac Babbitt huko Marekani mwaka 1839. Ulaini huo ndio faida yenyewe. Punje ya mchanga ikiingia huzama kwenye babiti badala ya kuichimba shafti. Mafuta yakikatika, kinachoyeyuka ni babiti. Magurudumu ya msumeno huu yana kipenyo cha sentimita 91 hivi. Yakizunguka mara 360 tu kwa dakika, mkanda tayari umekimbia zaidi ya kilomita moja. Kwa mwendo huo shafti huelea juu ya utando wa mafuta, na gololi hazina la kuongeza.

Kutu, ambayo kwa upepo wetu wa chumvi haikosekani, niliitoa kwa umeme: pipa la plastiki, maji ya magadi, chaja ya betri, kipande cha mashine kwenye hasi na nondo chakavu kwenye chanya. Fanyia nje, gesi yake hulipuka. Stenlesi usiitumie badala ya nondo, inaachia sumu majini.

Kumimina ndiko kunakotaka utulivu. Niliyeyusha babiti mpya juu ya jiko la mkaa, uani, nimefunika uso na mikono, maana babiti nyingine zina madini ya risasi na moshi wake ni sumu. Shafti niliipaka masizi ya koroboi ili babiti isiing'ang'anie, nikaipasha moto pamoja na makao yake. Chuma baridi huigandisha kabla haijajaza. Unyevu nao ni hatari kubwa: tone la maji hugeuka mvuke ghafla na kukurushia babiti usoni. Kupima joto, chovya kijiti kikavu cha mbao laini. Kikigeuka kahawia bila kuwaka, mimina kwa mkupuo mmoja.

Kisha nikakwangua babiti palipogusa shafti, nikibakiza nafasi ya mafuta ya milimita 0.04 hivi kwa shafti ya milimita 40. Chini ya kofia, yaani kifuniko cha beringi, niliweka shimu za shaba, vipande vyembamba vya kujazia nafasi. Beringi ikilegea, unatoa moja.

Unapouwasha mara ya kwanza, uache uzunguke bila mkanda na uguse kofia mara kwa mara. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, zima, fungua, ukwangue tena.