Megapikseli 12 za mfukoni, megapikseli 6 za begani

Kijana mmoja alinijia na pesa ya kamera moja. Mezani kwangu kulikuwa na mbili za mtumba: Canon PowerShot G9 ya mfukoni, ya mwaka 2007, na Nikon D40 ya begani, iliyotangazwa mwishoni mwa 2006, ikiwa na lenzi yake ya kawaida ya 18-55mm. Alitaka kuanza kupiga picha za harusi na shughuli za mtaani. Akaniuliza megapikseli za kila moja, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha, nikamtajia. Akashangaa.

"Fundi, hii ina 12, ile ina 6. Mbona unanielekeza kwenye ile ya 6?"

Nikamwambia, "Mwanangu, keti, tungoje giza liingie."

Baada ya magharibi tuliingia sebuleni, dada yangu alikokuwa anamsuka binti yake nywele. Taa ilikuwa moja tu, balbu ya LED katikati ya dari. Mtoto wa miaka 6 anayesukwa hatulii, kila nywele ikivutwa anageuza shingo. Huo ndio mtihani ninaouamini, kwa sababu mtu akikukodi kwa harusi, sehemu kubwa ya kazi inakuwa hivyohivyo: mwanga mdogo na watu wanaocheza.

G9, lenzi ikiwa haijavutwa, inafungua tundu la kuingizia mwanga hadi f/2.8; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Kwa ISO 800 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliyoupata) ilinipa kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupokea mwanga, ya sehemu ya 30 ya sekunde. D40 na lenzi yake ya 18-55mm inaanzia f/3.5, kwa hiyo lenzi yake inaingiza mwanga kidogo kuliko ya G9. Niliipandisha hadi ISO 1600 nikapata sehemu ya 40. Kwa maneno mengine, niliipa D40 mazingira magumu zaidi. Tulipozifungua picha kwenye kompyuta, ile ya G9 ilikuwa na chenga, kama televisheni za zamani antena ikigeuka. Kibaya zaidi, kamera ilikuwa imejaribu kuzifuta chenga hizo yenyewe, ikafuta pamoja nazo mistari ya nywele. Mabutu ya mtoto yalionekana kama yamepakwa rangi kwa brashi. Kwenye D40 chenga zilikuwepo, ila ndogo na za rangi moja, na njia za kichwani ungeweza kuzihesabu.

Sababu ni sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Sensa ya G9 ina upana wa milimita 7.6 na kimo cha 5.7. Ya D40 ni milimita 23.7 kwa 15.6. Zidisha mwenyewe: ya D40 ina eneo kubwa takriban mara 8 na nusu. Sasa chukua eneo dogo la G9 uligawe kwa pikseli milioni 12, na eneo kubwa la D40 uligawe kwa milioni 6. Pikseli moja ya D40 inapata nafasi kama mara 17 ya pikseli moja ya G9. Mvua ikinyesha, sinia linakinga maji mengi kuliko kikombe cha kahawa, hata kama vikombe ulivyopanga uani ni vingi. Pikseli inayopata mwanga kiduchu inalazimika kukuzwa kwa umeme, na ukikuza kidogo ulichonacho unakuza na uchafu wake. Hizo ndizo chenga.

Sitaki kuionea G9, kwa hiyo nitaiwekea hesabu yake yote. Lenzi yake ya f/2.8 dhidi ya f/3.5 inarudisha sehemu ya pengo hilo. Kwa kasi ileile ya shata, D40 inabaki inakusanya jumla ya mwanga zaidi ya mara 5, si mara 8 na nusu. Na ukizivuta lenzi zote mbili kupata picha ya uso, ya D40 inafifia hadi f/5.6 wakati ya G9 iko bado karibu na f/4, basi pengo linapungua tena. Mtu atakayebaki na lenzi ya 18-55mm maisha yake yote asitegemee miujiza. Nguvu ya D40 ni kwamba lenzi inatoka. Ukiweka AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2009, unaingia kwenye ulimwengu mwingine: mwanga unaokusanywa unafika kama mara 20 ya ule wa G9 kwenye f/2.8. Ukumbi uleule, balbu ileile, na huhitaji flashi.

Hapo kuna mtego ambao nimeona vijana wengi wakinaswa nao. D40 haina mota ya fokasi, ile ya kusogeza lenzi ili picha ikolee, ndani ya mwili wake. Lenzi maarufu ya bei nafuu ya 50mm f/1.8D inaingia vizuri, inapiga picha vizuri, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Muuzaji atakuambia "hii ya Nikon, inakaa", na kweli inakaa. Wewe tafuta herufi AF-S kwenye lenzi. Hizo zina mota yao wenyewe.

Kwa kazi ya shughuli, muda unaniuma kuliko hata chenga, na ndipo watu wasipopalinganisha kabisa.

G9 inatafuta fokasi kwa kuangalia picha yenyewe kwenye sensa. Inasogeza lenzi, inatazama kama mistari imekolea, inasogeza tena, inapita, inarudi. Ni kama mtu anayepapasa swichi ukutani gizani. Ataipata, lakini atapapasa kwanza. D40 haipapasi. Nyuma ya kioo chake kikubwa kuna kioo kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga chini, kwenye kifaa cha fokasi peke yake. Kifaa hicho kinaupokea mwanga kutoka pande mbili za lenzi na kupima tofauti zao, hivyo kinajua mara moja lenzi iende mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. D40 ina pointi 3 tu za fokasi, na ya katikati pekee ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Mimi naitumia hiyo ya katikati tu, naishika kwenye jicho, nabonyeza nusu, naipanga picha, namalizia. Bibi harusi anapolishwa keki, kitendo chote hakizidi sekunde mbili. Kwa G9 nimepata mikono mingi iliyokwisha kushuka na vinywa vilivyokwisha kufumba.

Binti wa dada yangu, katika picha 10 nilizopiga kwa kila kamera, alinishinda mara 7 kwenye G9. G9 ina kituliza mtikisiko ndani ya lenzi na D40 yetu haina, lakini kituliza mtikisiko kinatibu mkono wa mpigapicha. Shingo ya mtoto hakiwezi kuizuia.

Jambo lingine linatugusa sisi hasa. Bwana harusi wa pwani amevaa kanzu nyeupe pee, na uso wake ni mweusi. Kipima mwanga cha kamera yoyote kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaipunguza picha, na uso unazama. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa mkono, mara nyingi +0.7 au +1, ila ukiongeza sana kanzu inaungua, darizi na mikunjo yote inapotea na kubaki karatasi nyeupe. Kwa sensa ndogo ile njia ya katikati, ambapo uso umeonekana na darizi imebaki, ni nyembamba sana. Ninachofanya ni kupiga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kuilinda kanzu, kisha kuinua uso kwenye kompyuta. Kamera zote mbili zinapiga RAW, na hilo ni jambo la kuisifu G9, kwa sababu kamera nyingi za mfukoni za wakati wake hazikuwa nayo. Ila ukiuinua uso uliopigwa na G9, kwenye shavu na chini ya kofia vinatokea vidoa vya kijani na zambarau. Wa D40 unainuka na ngozi inabaki ngozi, na ule mng'ao wa paji la uso. Mteja hatakuambia habari za sensa. Atakuambia "umenifanya nimepauka", naye atakuwa amesema kweli.

Mchana, jua likiwa utosini, nashukuru kitu kingine kwenye D40: flashi yake inafanya kazi na shata hadi sehemu ya 500 ya sekunde, kasi ambayo hata kamera nyingi ghali kuliko hiyo hazifiki. Unaweza kumpiga mtu picha nje saa saba mchana na kujaza kivuli cha macho bila anga kuwa nyeupe.

Sasa nimtendee haki huyu wa mfukoni, maana mimi G9 yangu mwenyewe sijaiuza na sitaiuza.

Kwa vitu vidogo inaishinda D40 yenye lenzi ya kawaida bila ubishi. Inakaribia hadi sentimita 1. Lenzi ya 18-55mm inagoma chini ya sentimita 28. Dada yuleyule anauza shanga na hereni mtandaoni, na picha zake zote tunapiga kwa G9, mchana, pembeni ya dirisha, ISO 80. Kwa mwanga huo zile megapikseli 12 zinaamka kweli, kila tundu la ushanga linaonekana. Sensa ndogo ina faida nyingine hapo. Hereni nzima, mbele na nyuma, inakuwa kwenye fokasi, ambapo kwa kamera kubwa ungebana tundu la lenzi na kutafuta stendi. Ila usiibane G9 hadi f/8 ukidhani unaongeza ukali. Kwa pikseli ndogo vile mwanga unaopita kwenye tundu dogo unatawanyika na picha inalegea. Mimi siendi zaidi ya f/4.

Ni kimya pia. Ukizima sauti zake, husikii kitu. Kioo cha D40 kikiruka kinapiga "klaki" ambayo kwenye hitma au wakati wa dua kila mtu anageuka. Kwenye mazishi ya jirani familia iliniomba kumbukumbu chache, nikaenda na G9 mfukoni mwa kanzu, na hakuna aliyesumbuliwa. Lenzi yake inavuta mbali kuliko ile ya 18-55mm, lakini kwa upana imebanwa. Kwenye chumba kidogo utarudi hadi ugonge ukuta, na watu wa pembeni bado watakatwa. Video inayo, D40 haina kabisa.

Wanaochapisha picha wasilisahau umbo. D40 inatoa picha ya 3 kwa 2, na karatasi ya inchi 6 kwa 4 ni umbo hilohilo, picha inakaa yote. G9 inatoa 4 kwa 3. Studio itakata juu na chini, na mara nyingi kinachokatwa juu ni kilemba cha mama mzaa chema. Acha nafasi unapopiga. Na kuhusu hofu ya megapikseli 6: picha ya D40 ina pikseli 3008 kwa 2000. Ukichapa kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi unapata inchi 10 kwa karibu 6.7, bila kunyoosha chochote. Karatasi ya 6 kwa 4 inahitaji megapikseli 2 na ushee.

Ukienda kununua yoyote kati ya hizi, nenda na tochi. Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini miaka mingi inaota kuvu. Washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili, na ukiona nyuzi kama za buibui iache. Kisha piga picha ukuta mweupe, G9 kwa f/8, D40 kwa f/22, utafute madoa. Doa kwenye D40 linasafishika, menyu ina sehemu ya kuinua kioo ili uifikie sensa. Doa ndani ya G9 maana yake ni kuifungua kamera nzima. Washa na kuzima G9 mara kumi usikilize mrija wa lenzi ukitoka na kuingia. Ukisikia mkwaruzo, huo ni mchanga wa ufukweni. Kwa D40, kila faili la picha limeandikiwa ndani yake idadi ya mara ambazo shata imefanya kazi, na programu za bure za kompyuta zinaisoma. Muulize muuzaji idadi hiyo kabla ya kupatana bei.

Na kadi: zote mbili zinasoma SD na SDHC, mwisho GB 32. Ukinunua kadi ya GB 64 ni ya aina nyingine, na kamera inaweza kuikataa ukadhani imekufa.

Yule kijana alichukua D40 na lenzi yake. Miezi mitatu baadaye alirudi, hakuwa na malalamiko. Alikuwa ameweka akiba na anataka nimtafutie ile 35mm. Kabla sijamwonyesha niliyonayo, akaigeuza upande, akasoma herufi.

"AF-S," akasema. "Sawa, fundi. Nipe tochi."