Kotor: Urithi wa Dunia Hauishii Ukutani

Kila inapokaribia tarehe 18 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Majengo na Maeneo ya Kale, kitengo chetu cha elimu kwa umma hupokea maswali mengi kuhusu miji iliyomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Malalamiko huwa yale yale: kwamba UNESCO imeutwaa mji, kwamba inatoza faini, na kwamba ukishatoka nje ya ukuta wa mji wa kale unaweza kujenga utakavyo. Tumeona vyema kuyajibu kwa mfano mmoja, mji mdogo wa Kotor nchini Montenegro, ambako jibu linaonekana katika ardhi yenyewe.

Kotor uko pembe ya kusini-mashariki ya Ghuba ya Kotor, hori la Bahari ya Adriatiki linaloingia bara kwa takriban kilomita 28. Wengi huifananisha ghuba hii na mabonde ya Norway yaliyochongwa na barafu, na vipeperushi vya utalii vimeirudia kauli hiyo hadi ikachukuliwa kuwa kweli. Sivyo. Hili ni bonde la mto lililokatwa katika miamba ya chokaa, kisha likazama bahari ilipopanda. Chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa chini kupitia mapango, na mvua huko si haba: kijiji cha Crkvice, katika milima iliyo juu ya ghuba, hupata wastani wa milimita 4,600 hivi kwa mwaka, kiwango kinachohesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Ulaya. Ndiyo maana Kotor umezungukwa na maji bila ya mtu kuchimba handaki. Kaskazini hupita mto Škurda, kusini hububujika chemchemi ya Gurdić, magharibi ni bahari, na mashariki husimama jabali ambalo kwa nyuma yake Mlima Lovćen hufikia mita 1,749.

Wajenzi wa ngome walilitumia jabali hilo kama sehemu ya kazi yao. Ukuta wa Kotor, wenye urefu wa kilomita 4.5 hivi, hauuzunguki mji kwenye tambarare tu; huupanda mlima hadi kwenye ngome ya Mtakatifu Yohana, mita 260 hivi juu ya bahari. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Jamhuri ya Venice, iliyoutawala mji kuanzia 1420 hadi 1797, baada ya dola ya Bizanti na wafalme wa Serbia wa ukoo wa Nemanjić kupita. Waothmani waliishika miji jirani ya Risan na Herceg Novi, lakini Kotor hawakuuteka, hata amiri wao wa majini, Barbarossa, alipouzingira kwa jeshi lake mwaka 1539. Baada ya Venice walifuata Waustria, Warusi, Wafaransa, kisha Waustria tena hadi 1918. Kwenye Lango la Bahari, lililojengwa mwaka 1555, mgeni husoma tarehe 21 Novemba 1944, siku mji ulipokombolewa katika Vita Kuu ya Pili.

Ndani ya ukuta, kanisa dogo la Mtakatifu Luka, la mwaka 1195, linastahili kutazamwa bila haraka. Lina madhabahu mbili, moja ya Waorthodoksi na moja ya Wakatoliki, kwa kuwa kwa muda mrefu madhehebu yote mawili yalisali chini ya paa lile lile. Kanisa kuu la Mtakatifu Trifoni, lililowekwa wakfu mwaka 1166, lilipoteza minara yake katika tetemeko la 1667, ikajengwa upya.

Tarehe 15 Aprili 1979 ardhi ilitetemeka tena, na pwani yote ya Montenegro ikaathirika vibaya. Mwaka huo huo Kotor uliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia na, papo hapo, katika Orodha ya Urithi ulio Hatarini, ambako ulibaki hadi 2003. Na hapa tunaomba msomaji azingatie: kilichoandikishwa si mji wa ukutani peke yake, bali eneo la asili na la kihistoria pamoja, yaani milima, maji, na miji ya Perast na Risan. Anayedhani kwamba hoteli iliyojengwa ng'ambo ya maji haiuhusu mji hajausoma uandikishaji wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, pendekezo la daraja katika mlango-bahari wa Verige, ambapo ghuba hubana hadi mita 340 hivi, lilijadiliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia, inayoisimamia Orodha hiyo, ingawa Verige haiko karibu na ukuta wa Kotor.

Utaratibu ni huu. Chini ya Mkataba wa Urithi wa Dunia wa UNESCO wa 1972 umiliki haubadiliki. Mali hubaki ya mwenyewe na wajibu hubaki wa dola. Dola hutakiwa kuiarifu Kamati kuhusu ujenzi mkubwa kabla ya kufanywa uamuzi usiorekebishika kwa urahisi, na hufanywa tathmini ya athari kwa urithi. Kamati ina nchi wanachama 21 na hukutana mara moja kwa mwaka. Ikiombwa taarifa ya hali ya uhifadhi, muda wa kawaida wa kuiwasilisha huishia tarehe 1 Desemba, na kwa eneo lililo hatarini ni tarehe 1 Februari. Tarehe hizi si za hiari. Faini haimo katika Mkataba hata kidogo. Atozwaye faini hutozwa kwa sheria ya nchi yake. Adhabu kubwa ya Kamati ni kulifuta eneo katika Orodha, nayo imetekelezwa: hifadhi ya choroa nchini Oman mwaka 2007, Bonde la Elbe mjini Dresden mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool mwaka 2021. Kwa upande mwingine, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya hatari mwaka 2004 na kutoka 2014, hivyo kuwekwa humo si fedheha bali ni njia ya kupata msaada.

Mwananchi naye ana nafasi. Malalamiko ya watu binafsi hupokelewa na Kituo cha Urithi wa Dunia mjini Paris, ambacho huyapeleka kwa dola husika ili iyatolee maelezo kabla ya hatua nyingine yoyote. Barua itaje mahali hasa pa ujenzi, iambatane na picha zenye tarehe, na ieleze ni sifa ipi ya eneo inayoguswa. Barua inayosema tu kwamba jengo ni baya haitufai sisi, wala haitawafaa wao.