Mianga ya kaskazini: mawingu kwanza, jua baadaye

Tangu nirudi nyumbani Kigoma, watu wakisikia kwamba nilikuwa afisa wa zamu kwenye meli ya watalii pwani ya Norwei, hawaniulizi habari za mawimbi. Wanataka kuona picha za mianga ya kaskazini, ile anga ya kijani. Kisha vijana hunifungulia programu kwenye simu: "Bro, leo Kp ni 5, si ndiyo wanaiona huko?" Si lazima.

Kp ni kipimo cha msukosuko wa usumaku wa dunia, kuanzia 0 hadi 9. Mji wa Tromsø huko Norwei, karibu nyuzi 70 kaskazini, uko chini ya ule ukanda ambao mianga huwaka mara nyingi, kwa hiyo hata Kp 2 hutosha mbingu zikiwa wazi. Zikifunga, hata 8 haikusaidii kitu. Mianga huanza kama kilomita 100 juu. Mawingu yote yako chini yake.

Chanzo chake ni upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazosafiri kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Upepo huo huvuruga uga wa sumaku wa dunia, na elektroni husukumwa kufuata mistari ya sumaku kushuka karibu na ncha, zikagonga hewa. Oksijeni ikigongwa hutoa kijani. Ile ya juu zaidi, kupita kilomita 200, hutoa wekundu. Zambarau na waridi hutoka kwa naitrojeni. Mistari inayopita juu ya Kigoma haifiki mbali angani: hupinda ikarudi upande wa pili wa ikweta. Ndiyo maana dhoruba ya Mei 2024, iliyonaswa na kamera hadi Afrika Kusini, sisi ilitupita.

Sasa meli. Faida yake kubwa ni kwamba inatembea. Pwani ya Norwei hupokea unyevu wote wa Atlantiki, na wingu linaweza kukaa juu ya bandari moja usiku kucha. Meli inayokwenda maili 15 za baharini kwa saa, ndani ya saa tatu imesogea zaidi ya kilomita 80, na mara nyingi hapo ndipo anga hufunguka. Ndani ya fiodi, yaani ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima, hali huwa kavu zaidi. Mwanafizikia Kristian Birkeland, aliyechunguza mianga hii, hakujenga kituo chake ufukweni. Mwaka 1899 alikipandisha juu ya mlima Haldde, karibu na mji wa Alta, kaskazini mwa Norwei. Lakini usidhani nahodha atafukuza mianga kwa ajili yako. Ana ratiba ya bandari.

Giza ndilo jambo ambalo abiria wengi hawalielewi. Kwenye daraja la meli, yaani chumba cha kuongozea chombo, tunazima taa usiku ili tuone taa za vyombo vingine, kwa hiyo sisi ndio huwa wa kwanza kuiona. Tangazo likitolewa, watu wanatoka mbio mgahawani kwenye mwanga mkali, wanaona kitu kama wingu jeupe, wananuna, wanarudi kula. Macho yanahitaji dakika 20 au zaidi kuzoea giza. Na ukichungulia simu, unaanza upya.

Mzee mmoja mvuvi wa dagaa pale Kibirizi alinielewa papo hapo, akaongeza swali ambalo hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza: "Na mwezi ukiwa mkubwa je, mwanangu?" Mbalamwezi ikijaa, wavuvi wetu hawaendi ziwani, maana taa zao hazivuti samaki. Kule, shikamoo mzee, mianga yenye nguvu huonekana hata mwezi ukiwaka, ila ile hafifu humezwa. Basi panga safari karibu na mwezi mwandamo.

Msimu ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Machi. Matangazo husifu Desemba kwa usiku wake mrefu. Mimi ningechagua Oktoba mapema au Machi. Karibu na siku za usiku na mchana kulingana, msukosuko wa sumaku huelekea kuongezeka, na hutakutana na baridi kali ya katikati ya msimu.

Ukiwa sitahani, simama upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, mbali na moshi wa bomba. Omoni, yaani mbele kabisa ya meli, huwa na giza zuri, ila upepo wa mwendo wa meli hukata mifupa, na betri ya simu hufa haraka kwenye baridi. Iweke mfuko wa ndani ya koti. Stendi ya kamera haifai sana, kwa sababu sitaha yenyewe inayumba na kutetemeka. Fungua lenzi kadiri inavyofunguka, weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, piga kwa sekunde moja au mbili. Nyota zikitoka kama vistari, punguza sekunde na upandishe ISO. Picha itakuwa ya kijani kuliko ulichokiona, na ule wekundu huenda macho yako yasiuone kabisa. Wanaokutumia picha hizo WhatsApp hawakwambii hilo.