Ndoto ya Kujitambua na Undugu Wake na Jinamizi

Ndoto ya kujitambua ni ndoto ambayo mtu, akiwa bado amelala, anafahamu kwamba anayoyaona ni ndoto. Hakuna sharti jingine. Si lazima ndoto hiyo iwe ya ajabu, si lazima ibebe ujumbe, wala si lazima mwotaji awe na uwezo wa kuibadilisha. Wapo wanaojitambua ndotoni na bado mambo yakaendelea kwenda yatakavyo yenyewe, na wapo wachache ambao, wakishajitambua, huamua waende wapi na wazungumze na nani.

Tuchukue mkazi wa Mwanza anayeota kwamba amepanda kivuko cha Kamanga kuelekea Sengerema. Abiria wamejaa, pikipiki zimepangwa mbele, na pembeni yake amesimama babu yake akihesabu chenji ya nauli. Katika ndoto ya kawaida yote haya hupita bila swali, hata kama Jiwe la Bismarck, lile mwamba wa ufukweni mwa Mwanza, limehamia ng'ambo ya pili na kivuko kinarudi kule kilikotoka. Katika ndoto ya kujitambua, mwotaji humtazama mzee na kujiambia, "Babu tulishamzika, kumbe naota." Kivuko kinaendelea kukata maji na babu anaendelea kuhesabu, lakini mwotaji sasa anajua kwamba mwili wake umelala kitandani, labda Nyakato au Igoma, na kwamba hakuna maji yatakayomlowesha. Wengi huamka papo hapo kwa mshtuko wa kugundua. Anayefanikiwa kutulia hubaki, na huenda akamuuliza babu maswali aliyokuwa nayo miaka mingi.

Hali hii haina budi kutofautishwa na ndoto iliyo dhahiri sana, ambayo mtu akiamka anaweza kuisimulia hadi rangi ya kitenge alichokiona. Udhahiri ni suala la kumbukumbu. Mtu anaweza kuota ndoto dhahiri usiku kucha bila hata mara moja kushuku kwamba anaota.

Ili kuelewa jambo hili linawezekanaje, ni lazima kwanza kufahamu usingizi unavyopangwa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba watu wakiamshwa wakati huo mara nyingi husema walikuwa wakiota. Mtu mzima hupitia mzunguko wa usingizi wa takriban dakika 90, na katika kila mzunguko kipindi hicho hujirudia, kifupi mwanzoni mwa usiku na kirefu kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa jumla huchukua karibu robo ya usingizi wote. Hiyo ndiyo sababu ndoto tunazozikumbuka zaidi ni zile za alfajiri. Ndoto huweza kutokea pia katika hatua nyingine za usingizi, lakini zile ndefu zenye visa na watu wengi ni za kipindi hiki, ambacho hapa nitakiita usingizi wa ndoto.

Katika usingizi wa ndoto ubongo huwa unachangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho, ilhali misuli ya mwili, isipokuwa ile ya macho na ile kuu ya kupumua, imelegezwa kabisa. Mfaransa Michel Jouvet alionyesha kwa kuchunguza paka kwamba kulegezwa huku kunaendeshwa na sehemu ya chini ya ubongo, na paka walioharibiwa sehemu hiyo walionekana wakirukaruka na kuwinda hali wamelala. Kwa maneno mengine, mwili hufungwa ili mlalaji asiinuke kutenda anayoyaota. Wakati huohuo sehemu za mbele za ubongo, zinazohusika na kupima mambo na kujihoji, hupunguza kazi, na ndiyo maana babu aliyekufa huweza kupanda kivuko bila mtu kushangaa. Ndoto ya kujitambua hutokea pale ambapo uwezo huo wa kujihoji unarudi kwa kiasi fulani, kabla mwili haujaamka.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi hawakuamini jambo hili. Walisema anayedai kujitambua ndotoni aliamka kidogo bila kujua. Daktari Mholanzi Frederik van Eeden aliandika juu ya ndoto zake za namna hii mwaka 1913, lakini maneno yake yalibaki kuwa simulizi tu. Ushahidi ulipatikana kwa njia rahisi ajabu: kwa kuwa macho hayafungwi kama misuli mingine, mwotaji anaweza kukubaliana na mtafiti kabla ya kulala kwamba atakapojitambua atapeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Mwaka 1975 Keith Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, alirekodi ishara hiyo kutoka kwa Alan Worsley huku vipimo vikionyesha kwamba Worsley yumo katika usingizi wa ndoto. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifikia matokeo kama hayo miaka michache baadaye bila kujua kazi ya Hearne. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitangaza kwamba ziliweza hata kuwauliza waotaji maswali na kujibiwa. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu mbili kwa kusogeza macho, akiwa usingizini.

Jambo hili si la watu wa pekee. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za miaka 50 ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kupata ndoto ya kujitambua angalau mara moja maishani.

Sasa tuje kwenye jinamizi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa kanda ya ziwa, kwa sababu limeleta hofu nyingi na wakati mwingine uhasama. Mtu huzinduka usiku, anaona chumba chake kilivyo, anasikia mbwa wa jirani, lakini hawezi kuinua hata kidole. Anataka kupiga kelele na sauti haitoki. Anahisi kuna kitu kimemkalia kifuani, au kuna mtu amesimama mlangoni. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika chache, kifungo kinaachia. Asubuhi husema, "Leo nilikabwa." Kinachotokea ni kwamba ufahamu umeamka ilhali mwili bado uko katika ule ulegevu wa usingizi wa ndoto, na ubongo bado unatengeneza picha. Huu ndio undugu wake na ndoto ya kujitambua: katika yote mawili ufahamu na usingizi vimekutana, ila katika moja mtu amejitambua akiwa ndani ya ndoto, na katika lingine ndoto imemfuata mtu hadi chumbani. Uzito wa kifuani una sababu yake pia, kwa kuwa misuli ya kifua inayosaidia kuvuta pumzi kwa nguvu imelegea, na anayejaribu kuvuta pumzi ndefu huhisi amezuiwa, ingawa kwa hakika anapumua.

Tazama maisha ya mvuvi wa dagaa, iwe Igombe, Kayenze au visiwa vya Ukerewe. Katika kipindi cha giza huingia ziwani jioni na taa zake, hukesha akivuta nyavu, na hurudi mwaloni kunapopambazuka. Dagaa wakishashushwa, hujilaza chali kwenye kibanda cha mabati, mwanga ukipenya kila tundu, joto likipanda, watu wakipiga soga nje. Mbalamwezi inapoangaza uvuvi husimama, naye hurudi kulala usiku kama watu wengine, mpaka giza lirudi na mpangilio ugeuke tena. Mwili una saa yake, na saa hiyo husukuma usingizi wa ndoto zaidi nyakati za alfajiri na asubuhi; kwa hiyo anayeanza kulala saa moja asubuhi huweza kuingia katika usingizi huo mapema mno, tena usingizi wenyewe ukikatwakatwa na joto na kelele. Uchovu, kulala kwa saa zisizo na utaratibu na kulala chali ni mambo yanayojulikana kuongeza jinamizi. Kijana wa kambini anayekabwa mara kwa mara katika kipindi cha giza hana haja ya kumtafuta mbaya wake kambini, kwa kuwa ratiba yake ya kazi inatosha kueleza yanayompata. Ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wanaokesha: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba asilimia 8 hivi ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa na hali hii, lakini miongoni mwa wanafunzi ni asilimia 28.

Kila jamii imempa mgeni huyu wa usiku sura anayoijua. Pemba na Unguja mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilisambaa hata watu wakalala nje kwa makundi. Huku kwetu wapo wanaoamka wamechoka hoi wakasema wamelimishwa usiku na wachawi. Sidharau masimulizi hayo, maana anayekabwa amehisi kweli alichohisi, na uchovu wake ni wa kweli. Tatizo ni hatua inayofuata, pale ambapo sura iliyoonekana mlangoni inapewa jina la bibi fulani wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Kanda ya ziwa inajua vizuri mno jinsi vikongwe walivyouawa kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi dhaifu kuliko sura iliyoonwa na ubongo ulio nusu usingizini, ambao huchukua nyuso kutoka katika ghala la watu tunaowafahamu na tunaowahofia.

Hapo ndipo swali la maana ya ndoto linapoingia. Wasukuma wamekuwa wakiamini kwamba masamva, yaani mababu waliotangulia, huweza kuja ndotoni kudai wakumbukwe, na mfumu, yaani mganga wa jadi, huulizwa wanataka nini. Waislamu hufundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajizungumzia yenyewe. Wakristo wana Yusufu aliyezifasiri ndoto za Farao. Mitaani husemwa kwamba jino likidondoka ndotoni kuna msiba. Carl Jung, mtaalamu wa nafsi kutoka Uswisi, alipofika Mlima Elgon mwaka 1925, kaskazini-mashariki mwa ziwa letu, alimuuliza mganga mzee wa huko kuhusu ndoto zake. Mzee alimjibu huku machozi yakimlengalenga kwamba zamani waganga waliota na kujua kuhusu vita, maradhi na mvua, lakini tangu wazungu waje hakuna aotaye tena, kwa kuwa sasa Waingereza wanajua kila kitu. Jibu hilo linanigusa, kwa sababu linaonyesha kwamba ndoto iliwahi kuwa chombo cha kuongozea jamii nzima, na ikanyang'anywa kazi hiyo pamoja na mamlaka ya wazee.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Sigmund Freud alidai kwamba ndoto hutimiza matamanio yaliyofichwa; Allan Hobson na Robert McCarley, mwaka 1977, walisema ndoto ni juhudi ya ubongo kutunga kisa kutokana na misisimko inayopanda kutoka sehemu zake za chini; Antti Revonsuo wa Finland alipendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto ni mazoezi ya kukabili hatari. Kilicho dhahiri zaidi ni kwamba mambo ya mchana hujitokeza usiku: aliyenusurika mtumbwi ulipopinduka huota mawimbi, na mwenye deni humwota anayemdai. Kwa hiyo ndoto ina mengi ya kusema juu ya aliyeiota. Anayeifasiri bila kumjua mwotaji, kwa orodha ya nyoka ni adui na jino ni msiba, hupita mbali na jambo lenyewe.

Anayetaka kujaribu kujitambua ndotoni huanza kwa kuandika ndoto zake kila aamkapo, kisha hujizoeza mchana kujiuliza kama yuko macho, kwa mfano kwa kusoma maandishi ya kwenye daladala, kuangalia pembeni na kuyasoma tena, kwa kuwa ndotoni maandishi hubadilikabadilika. LaBerge alifundisha kuamka baada ya saa tano hivi za usingizi, kujiambia kwa dhati "nikiota tena nitakumbuka kwamba naota," kisha kulala. Anayesumbuliwa na ndoto ya kutisha inayojirudia ana njia rahisi zaidi, ambayo hutumiwa hata na matabibu: kuibadilisha ndoto hiyo mwisho wake akiwa macho, na kuupitia mwisho mpya akilini kila siku. Anayekabwa naye hupata nafuu kwa kulala ubavu, kulala saa zilezile inapowezekana, na jinamizi linapokuja, kuacha kupambana na kujaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu huku akipumua polepole. Mazoezi ya kujitambua hayamfai mtu ambaye tayari huona au kusikia yasiyokuwepo akiwa macho, wala asiyepata usingizi wa kutosha.

Na kuna ndoto ambazo sababu yake iko kwenye kikombe au kwenye kopo la dawa. Pombe hubana usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha ndoto hurudi kwa fujo alfajiri. Homa ya malaria huleta ndoto za kuweweseka. Efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya mseto wa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nchini kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, inajulikana sana kwa ndoto kali, na wapo walioziogopa wakaacha dawa kimyakimya. Mtu wa namna hiyo aeleze ndoto zake kwa mhudumu wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kama anavyoeleza kichefuchefu au upele, kwa kuwa ni madhara ya dawa yanayofahamika, na mhudumu anaweza kumbadilishia dawa au kumpangia saa nyingine ya kuimeza.