Imelia, lakini imeshika?

Wiki iliyopita nimeisikia tena ile kauli ya watu wanaofunga trela nyuma ya gari, na safari hii nilikuwa nimelala chini ya karavani, mchanga mgongoni, tochi mdomoni. "Fundi, mbona wahangaika? Imelia ka! Imeshika hiyo."

Anayesema ni mzee mwenye heshima zake hapa Malindi, na karavani ni yake. Kauziwa na Mtaliano aliyefunga virago kurudi kwao. Anataka kuivuta mpaka Mambrui, aipige rangi, auze chai na mahamri kando ya barabara. Wazo zuri, mimi mwenyewe nitakuwa mteja. Ila siku mbili kabla ya hapo alijaribu kuitoa bila mimi, na ikamwacha kwenye tuta la kwanza. Pua ikaanguka, kigurudumu cha mbele kikapinda kama mguu wa mbuzi, na kikombe, kile kikofia cha chuma puani kinachovikwa juu ya kirungu cha gari, kikachimba mfereji kwenye lami, ndipo utingo akapata akili ya kupiga bodi kofi. Na bado ananiambia ilikuwa imelia.

Ami, najua ililia. Hata mlango usio na komeo hulia ukiubamiza.

Huo mlio umenichosha. Ndani ya kikombe mna taya, na nyuma ya taya mna springi. Ukivuta mkono wa kikombe juu, taya inarudi nyuma na kubaki huko. Kirungu, lile tufe la chuma juu ya tobaa (chuma cha kuvutia nyuma ya gari), kikiingia kinaigusa, springi inafyatuka, mkono unashuka: ka! Mlio ni wa springi, basi. Haukuambii kama taya imepita chini ya kirungu au imekwama ubavuni mwake. Na kwenye mji huu wa upepo wa chumvi, kukwama ni jambo la kila siku. Trela likikaa miezi mitatu karibu na bahari, kutu inaingia kwenye pini, grisi ya zamani inakauka kama gundi, mchanga unajaa pembeni. Taya inateremka nusu njia na kusimama. Mkono nao unashuka karibu wote, ukibakisha upana wa kidole ambao mtu mwenye haraka hauoni. Baadhi ya vikombe vya Ulaya vina alama ya kijani inayojitokeza vikishika sawasawa. Ya karavani ya mzee ilikuwa imepakwa rangi juu. Nani alipaka, sikuuliza.

Sasa mtu akikwambia ameshahakikisha, muulize amehakikisha vipi. Jibu ni moja kati ya mawili: amepiga teke, au amekaa juu ya shingo ya trela na kurukaruka. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu mtu mzima mwenye kilo 90 akikaa juu ya shingo anakisukuma kikombe chini, na chini ndiko kilikokwisha kukaa. Hata bila taya yoyote kingetulia pale pale. Umepima kitu ambacho uzito wa trela lenyewe umekufanyia bure. Kikombe hakitoki kwa kwenda chini. Kinatoka kwa kwenda juu, kwa hiyo pima juu.

Namna yenyewe ni hii. Ukishafunga, usikunje kigurudumu cha mbele. Kizungushe kishuke, kana kwamba umebadili mawazo na unataka kulitoa trela. Endelea kuzungusha mkono ukiwa mzito. Pua ya trela itapanda, na kama taya imeshika kweli, gari nalo litapanda: utaona nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi ikipanuka, sentimita 2, hata 3, na springi za gari zikianza kunung'unika. Hapo imeshika. Lakini pua ikipanda peke yake na gari likabaki limekaa, mshukuru Mungu kwamba umelijua hilo ukiwa umesimama. Nilimwonyesha mzee kwa karavani yake, kabla sijagusa kitu. Nilizungusha mara nne. Kikombe kikachomoka polepole kama kofia inayovuliwa kwa adabu, na Hilux yake haikutikisika hata kidogo. Alinyamaza. Halafu akasema, "Lakini ililia."

Swali analopaswa kuuliza kila mtu ni kwa nini tuta, kwa nini siyo kwenye barabara tambarare. Gari likivuka tuta, makalio yake hudondoka ghafla. Pua ya trela haidondoki kwa kasi ile ile. Inachelewa kidogo kufuata, na katika huo muda mfupi kikombe kinakivuta kirungu juu. Kwenye tambarare taya mbovu inaweza kukubeba kilomita 20 ukajiona fundi. Ukija kwenye matuta ya Gede, ndipo utajua. Punda wa Lamu ana akili kuliko gari: mzigo ukilegea mgongoni husimama na kukuangalia. Gari halisimami.

Kirungu chenyewe sasa. Watu wanaamini virungu vyote ni sawa kwa sababu vyote ni mviringo. Karavani za Ulaya zinataka milimita 50. Matrela mengine, hasa ya mashua yaliyokuja na vipimo vya Marekani, yanataka inchi 2, yaani milimita 50.8, au inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6. Kikombe cha 50 ukikiweka juu ya 47.6 kitaingia kwa raha, kitalia vizuri kuliko vyote, na hata kipimo changu cha kunyanyua kinaweza kikapita, maana uzito wa kunyanyua polepole si uzito wa tuta. Ndiyo maana nanyanyua na pia napima kwa vernia, ile rula yenye taya ya kupimia unene, kwa pande mbili, kwa kuwa kirungu huliwa zaidi mbele na nyuma kuliko pembeni. Kikishuka milimita 49, nakitupa. Kipya ni bei ndogo ukilinganisha na karavani iliyomo mtaroni.

Na kinyume chake: kikombe cha milimita 50 juu ya kirungu cha inchi 2. Hakiingii vizuri, basi mtu analeta nyundo. Ukiona nyundo karibu na kikombe, ondoka. Vipi kikombe cha inchi 2 juu ya kirungu cha milimita 50? Tofauti ni 0.8. Vikombe vingine vina nati chini ya kukaza taya, na wengi wanakaza na kwenda zao. Nikiri hapa: nimewahi kuwaruhusu watu waondoke hivyo, zaidi ya mara moja, na hakuna kilichotokea, na usiku ule sikulala vizuri. Sasa nikiulizwa nasema badilisha kirungu, lakini siwezi kukuapia kwamba 0.8 ndiyo ingekuua.

Jambo la grisi pia lina mgogoro. Kikombe cha kawaida, paka grisi kidogo. Kikombe chenye vibao vya msuguano ndani, vile vya kuzuia karavani isiyumbe, usipake hata tone, na kirungu kipya ukwangue rangi kabisa, la sivyo vibao vinateleza na kazi yake imekwisha. Ya mzee ilikuwa ya aina hii ya pili. Na ilikuwa imeshiba grisi.

Tobaa iwe imefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Anayechomelea tobaa kwenye bampa namwachia toba yake.

Minyororo: trela lisilo na breki lifunge kwa mnyororo, na ikiwa miwili ipishanishe chini ya kikombe iwe kama susu, ili pua ikianguka idakwe kabla haijagusa lami. Isiburute, na isikaze ukikata kona. Kamba ya katani si mnyororo, hata ukiifunga mafundo saba ya kibaharia. Karavani yenye breki ina kitu kingine, waya mwembamba unaotoka kwenye breki ya mkono. Watu wanaudharau kwa wembamba wake, wanasema huu utashika nini. Haukuwekwa ushike. Karavani ikichomoka, waya unavuta breki ya mkono mpaka ishike, halafu unakatika, na karavani inasimama peke yake badala ya kukukimbiza. Ndiyo maana unafungwa kwenye tundu au pete ya tobaa yenyewe. Mzee alikuwa ameuvisha shingoni mwa kirungu kama shanga, bila kitu cha kuuzuia, ukateleza na kutoka pamoja na kikombe. Breki haikujua kama kuna msiba.

Tukaja kwenye mzigo. Mzee alikuwa amepanga friji, mtungi wa gesi na magunia mawili ya unga wa ngano nyuma kabisa, karibu na dirisha. "Ili gari lisilale." Hii ndiyo imani ya pili kwa ukongwe. Pua ikiwa nyepesi, karavani huanza kutikisa mkia, na kila tuta linainyanyua pua, yaani linafanya ile kazi ya kuvuta kikombe juu ambayo tumetoka kuizungumza. Nilichukua mizani ya bafuni, ile ya mke wangu, nikasimamisha kipande cha mbao juu yake chini ya kikombe, nikakunja kigurudumu mpaka pua ikalala juu ya mbao. Kilo 18. Karavani nzima kibandiko chake kinasema 900.

Inatakiwa kilo ngapi? Waingereza wanasema asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela lililojaa. Wamarekani wanasema 10 hadi 15. Kwa kilo 900, hiyo ni tofauti ya kilo 45 na kilo 135, na haiwezekani wote wawe wanazungumzia kitu kimoja. Wamarekani wanavuta kwa magari makubwa na vyuma vizito zaidi, hilo naelewa, lakini nikiwa peke yangu na mizani ya mke wangu, naamua mwenyewe: karibu asilimia 7 kwa karavani, na zaidi kidogo kwa mashua yenye injini nyuma, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tobaa. Yake inasema 75. Tulihamisha friji juu ya ekseli, unga mbele kidogo, gesi ikapanda kwenye pikapu. Kilo 58. Hilux ikalala sentimita chache, na mzee akasikitika kana kwamba nimemvunja mgongo mtoto wake.

Taa: soketi ya pini 7, pini za kijani kwa chumvi, kipande cha msasa, dakika kumi. Indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka kulia. Tukabadili waya.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, barabara tupu. Nilimwomba asimame baada ya daraja la Sabaki, tushuke tuangalie. Nikazungusha tena kigurudumu, makalio ya Hilux yakainuka, nikakikunja. Hakusema neno. Mambrui tulifika bila kisa, tukaisukuma karavani chini ya mwarobaini na kuiwekea mawe.

Kesho saa mbili kuna mtu analeta trela la mashua kutoka Ngomeni. Nimemuuliza kwa simu kama amepima. Kasema nisiwe na wasiwasi, limelia.